Kipimo cha Pevuni

Kwa jina la Yule anayejua kilichomo tumboni kabla mama mwenyewe hajajua kuwa amebeba, aliyempa kila kiumbe kadiri yake na kila kadiri wakati wake. Na rehema na amani zimfikie Mtume wake, jamaa zake, na kila aliyefuata nyayo zao kwa wema. Namwomba anijaalie ulimi usiozidisha wala kupunguza, kwani habari hii yenyewe ni habari ya kupunguza, na haielekei msimulizi akaingia katika kosa lile lile la anaowasimulia.

Ama watu wa habari hii ni wachache, na inafaa wapangwe kwanza kama wageni wanavyopangwa barazani. Wa kwanza ni Bi Mwanakombo binti Shee, mjane, mshonaji wa nguo za watoto wachanga, mwanamke mrefu mwenye maneno machache. Wa pili ni Salha, binti yake wa pekee, ambaye mume wake alikuwa safarini na mimba yake ya tatu ilikuwa imekwisha kuonekana. Wa tatu ni Tabibu Burhani wa nchi ya Pevuni, ambaye ndiye aliyeileta sindano ya pumzi katika nchi ile alipokuwa kijana, na ambaye sasa ndevu zake zilikuwa pamba tupu. Wa nne ni Bwana Zaharani, Mshika Kipimo wa nchi, mtu mcheshi na mkarimu, aliyependwa na watu. Wa mwisho ni Bi Siwema, aliyewapokea wageni nyumbani kwake akawatendea kama ndugu. Waliobaki ni umma, na umma huingia kwa pamoja na kutoka kwa pamoja.

Salha alikuwa amezika wawili. Wote walikuja kabla ya wakati wao, wana vidole vyote na kucha zote, wakafungua vinywa kutafuta pumzi, na mapafu yao yakawa kama mifuko mipya iliyogandana, isiyokubali kufunguka. Wa kwanza aliishi tangu alfajiri mpaka jua lilipopanda. Wa pili hakufika hata hapo. Alipobeba tena hakununua kitu wala hakumwambia jirani, na alitembea amelishika tumbo kwa chini kama mtu aliyebeba mtungi wenye ufa. Ndipo ilipowafikia sifa ya Pevuni, nchi ambayo ndani yake, walisema wasafiri, mtoto hafi kwa kukosa pumzi hata akija mapema namna gani. Bi Mwanakombo aliifunika cherehani yake, akamchukua binti yake, wakaenda.

Katika mzigo wake mlikuwa na kijikanzu kimoja cha bafta nyeupe. Alikikata kwa kukilaza juu ya nguo kuukuu aliyoivaa Salha siku aliyozaliwa, ukingo kwa ukingo, asiongeze wala asipunguze. Hakumwonyesha Salha, kwa kuchelea kuonekana anaitangulia kudura.

Langoni mwa Pevuni walipokewa kwa adabu kubwa. Walinzi waliwapa maji ya kunywa na viti vya kukalia, kisha wakamwomba Bi Mwanakombo awakabidhi futi yake ya kushonea, kwani sheria ya nchi hairuhusu kipimo cha kigeni kuvuka lango. Kila mgeni huacha hapo futi, kamba yenye mafundo na mizani, naye hurudishiwa siku ya kuondoka. Alipouliza sababu, aliambiwa kwa upole kwamba vipimo vya nje vimewahi kuleta huzuni majumbani. Kijikanzu walikitazama, wakakiona ni kitambaa tu, wakakirudisha mzigoni.

Mji wenyewe ulikuwa safi na kimya. Milango ya nyumba za kale ilikuwa mirefu na ya fahari, lakini kila mmoja ulikuwa umezibwa kwa mawe sehemu ya juu, na mlango mfupi ukatiwa ndani ya ule mrefu. Msikitini, mimbari ya mababu ilikuwa imeongezewa ngazi za mbao ili khatibu aweze kuipanda. Sokoni ziliuzwa ndizi zilizokatwa changa na kuvumbikwa, manjano ya kupendeza, unene wa kidole cha mwanamwali. Na muuzaji alipoulizwa kama hapana ndizi zilizoachwa mgombani mpaka zikakomaa, alishangaa kwamba mtu mzima anaweza kutamani kungoja. Wazee wa zamani, ambao bado walikuwa warefu, walikuwa na amri yao: wakae chini kila penye mkusanyiko, ili wasiwatie watu unyonge. Hata mazikoni waliketi.

Bwana Zaharani alipowajia kuwakaribisha, ilimbidi ainue shingo kumtazama Bi Mwanakombo. "Bibi," alisema akicheka, "huko juu mvua huwafikia mapema, sivyo?" Naye akamjibu kwamba jua pia. Wote wawili wakacheka, na kwa muda Bi Mwanakombo akaona amefika kwa watu wema. Na kwa hakika walikuwa watu wema. Hilo lisisahauliwe katika yote yajayo.

Hawakukaa sana nyumbani kwa Bi Siwema ila Salha alishikwa na uchungu, na wakati wake ulikuwa bado mbali. Alilala ameelekea ukutani, ameuma ncha ya kanga, hasemi, machozi yanamtoka kwa uzoefu. Tabibu Burhani aliitwa. Aliingia akisalimu, akampiga sindano ya paja, na kesho yake akampiga nyingine ya kukamilisha ile ya kwanza, kwani hizo mbili kwao huhesabiwa sindano moja. Kisha akaketi akawaeleza.

"Dawa hii anapewa mama, lakini anayeisikia ni mtoto," alisema. "Mfano wake ni nyumba inayojengwa. Mafundi wako juu ya kuta, wanapanga mawe, hawana haraka. Anakuja mjumbe: wageni wako njiani, wataingia leo. Basi mafundi wanaacha kuta, wanakimbilia kutia bawaba milangoni na mafuta katika taa. Wageni wakifika kweli, watakuta nyumba ndogo, lakini ina taa. Bila mjumbe wangekuta kuta nzuri na giza. Kuta ni mwili wa mtoto, na taa ni mapafu yake."

Siku zile uchungu ukatulia, mtoto akabaki tumboni. Bi Mwanakombo alisujudu pale pale juu ya jamvi. Aliwakumbuka wale wawili waliolala chini ya udongo wa nyumbani, akajua kwa yakini kwamba wangekuwa wanakimbia uani leo lau nchi yake ingekuwa na mjumbe kama huyu. Sindano ile ilikuwa haki, na mtu asisome habari hii akadhani vingine.

Alhamisi iliyofuata ngoma ililia. Wanawake wote wa mtaa wenye mimba, wa matumbo makubwa na madogo, walitoka wakapanga foleni mbele ya nyumba ya dawa, wakitaniana na kusukumana kama watu waendao harusini. Bi Siwema akamwambia Salha ajifunge kanga vizuri, wasichelewe. Bi Mwanakombo akasema kwamba binti yake hana uchungu tena. Akajibiwa kwamba hao wote hawana uchungu, na wengi wao hawajaupata kamwe. Sheria iliitwa Sheria ya Kuhuisha: sindano ihuishwe kila Alhamisi, tangu mimba ionekane mpaka mtoto azaliwe.

Bi Mwanakombo akamwendea Tabibu Burhani kando ya foleni. "Tabibu, huyo mjumbe wako akija kila wiki, na wageni hawaji, kuta atazijenga nani?"

Mzee alimtazama, kisha akaitazama foleni, akamwambia swali hilo lina mahali pake, napo ni baraza la nchi.

Baraza lenyewe lilikutana katika Siku ya Kukata Kipimo, ambayo kwao ni sikukuu. Maana desturi ya Pevuni, ambayo sijapata kusikia mfano wake kwingine, ni hii: kila mwaka hukusanywa watoto waliozaliwa mwaka ule, wakalazwa kwa safu juu ya mikeka, na Mshika Kipimo hutafuta aliye katikati yao, si mrefu wala mfupi. Ufito mpya wa kipimo hulazwa kando yake, na kilichozidi hukatwa kwa msumeno mdogo wa fedha. Ufito huo ndio huwa kipimo cha mtoto kamili kwa mwaka unaoingia. Kwa hiyo mtoto wa kawaida wa Pevuni hawi pungufu, wala hajapata kuwa. Na vumbi la ufito hugawiwa kina mama walitie katika uvumba.

Mjadala wa siku ile ulikuwa mkali. Kambi moja ilitaka sindano ibaki kila wiki kama walivyoacha waliotangulia. Ya pili ilitaka iwe mara mbili kwa wiki, kwani ikiwa heri ipo katika moja, ni uchoyo ulioje kuzuia nyingine. Walinukuliana, walitukanana kwa lugha nzuri, na mmoja wa kambi ya pili alilia. Hakuna aliyesimama kusema sindano apewe mwenye uchungu wa mapema peke yake. Hawakukatazwa. Kambi hiyo haikuwa na mkeka wa kukalia.

Bi Mwanakombo aliomba ruhusa ya mgeni, akapewa. Akasema anaishukuru nchi, na sindano ya kwanza ya binti yake ataiombea dua mpaka afe. Kisha akauliza kama yupo yeyote aliyehifadhi ufito wa mwaka wa kwanza, ili ulazwe kando ya huu wa leo.

Kicheko kikaanza upande wa nyuma. Bwana Zaharani akainua mkono, akamjibu bila hasira. "Bibi yangu, ufito wa zamani ulikuwapo, nasi tuliuchoma, kwa sababu ulikosewa. Na ushahidi kwamba ulikosewa ni kuwa hapana mtoto hata mmoja wa leo anayeufikia."

Watu wakapiga makofi. Wazee warefu, waliokuwa wameketi chini ukutani, nao walipiga makofi.

Baada ya baraza, Tabibu Burhani alimfuata Bi Mwanakombo mpaka kwenye birika la kutawadhia, pasipo na watu. Akaketi kwa tabu, akanawa mikono ambayo haikuwa michafu, akazungumza akiyatazama maji. Alisema alipoileta dawa ile aliileta kwa mwenye hatari, mara moja, naye aliwaona watoto waliokuwa wafe wakilia kwa sauti. Kisha alikuja mwanamke asiye na hatari, akaomba, akanyimwa, na kwa kadari ya Mungu akazaa mapema, mtoto akafa. Mtoto huyo alilazwa mbele ya mlango wa Tabibu, umma mzima ukamwona. Tangu siku hiyo hakumnyima mtu.

"Mtoto aliyekosa pumzi huonekana, dada," alisema. "Hulazwa mbele ya watu. Mtoto aliyepungua haonekani, maana hapana aliyepata kumwona vile ambavyo angekuwa. Mimi nitashtakiwa kwa yule. Kwa huyu nitashukuriwa."

"Na kwa Mola wako?"

Mwadhini alikuwa anaadhini, na Tabibu akasimama kwenda kusali.

Bi Mwanakombo akarudi nyumbani akamkuta Salha anajifunga kanga kwa ajili ya Alhamisi. Akamshika mkono. Alimweleza yote: milango, mimbari, ufito, maneno ya Tabibu. Akamwambia uchungu umetulia, mtoto anacheza, amwache akue. Ukirudi, sindano ipo na Tabibu yupo. Salha alisikiliza mpaka mwisho, kwani alilelewa kwa adabu.

"Mama, wewe ulizika wajukuu," alisema. "Mimi nilizika wanangu. Mdogo aliye hai nitamlea. Mkubwa aliyekufa nimfanyeje?"

"Si mdogo aliye hai na mkubwa aliyekufa tu, mwanangu. Yupo wa tatu, aliye mzima na mkubwa, na ndiye uliyenaye sasa."

"Nani amekuhakikishia?"

Hapana aliyemhakikishia Bi Mwanakombo, na hakuwa mtu wa kusema uongo hata kwa kheri. Akauachia mkono. Salha akaenda akapanga foleni, na Alhamisi iliyofuata akaenda, na nyingine baada yake, na nyingine. Na mapaja yake yakawa na madoa kama ya mwenzake yeyote.

Katika kungoja huko, Bi Siwema alikiona kijikanzu siku moja Bi Mwanakombo alipokuwa akianika nguo. Alicheka, akasema mgeni amesahau kushona, hiyo ni nguo ya mtoto anayesimama dede. Alikuwa na wanne, wote kamili. Akakichukua kwa mzaha akakilaza juu ya kitinda mimba wake aliyelala, ambaye alikuwa amekwisha kuota meno. Mikono ikafika kwenye vifundo, pindo likafika kwenye visigino. Kilimkaa kama kilichokatwa kwa ajili yake.

Bi Siwema alikikunja taratibu, akakirudisha. "Wote wako hai, dada," alisema, sauti yake imeshuka. "Huko kwenu, ni nyumba ngapi zinazoweza kusema hivyo?"

Bi Mwanakombo akasema ni chache.

Mtoto wa Salha hakuja mapema. Alikaa mpaka wakati wake ukatimia, mwezi kwa mwezi, akazaliwa asubuhi yenye jua kama mtoto mwingine yeyote aliyeachwa mpaka akakomaa. Yale mapafu yaliyoharakishwa kila Alhamisi yangekuwa tayari bila ya kuharakishwa. Alilia, na kilio chake kilijaa chumba. Salha alipokisikia alipiga kelele moja, kisha akacheka na kulia kwa pamoja, akasema jina lake ni Yahya.

Bi Mwanakombo alimpokea. Kichwa kilikaa katika kiganja chake, na kiganja kikabaki na nafasi. Miguu ilikuwa myembamba kama ya ndege wa mvua, ngozi imekunjamana mapajani kama soksi iliyolegea. Alikuwa na kila kitu, na kila kitu kilikuwa kidogo. Alimwadhinia sikioni mwenyewe, kwa kuwa hapakuwa na mwanamume wa nyumba yao karibu.

Bwana Zaharani akaja na ufito mpya. Akaulaza kando ya mtoto kwa upendo, akainama, akatabasamu. Mtoto aliuzidi kwa upana wa ukucha. Akatangaza: kamili na ziada. Vigelegele vikapigwa mpaka mtaa wa pili. Tabibu Burhani alisimama kizingitini, akamtazama mtoto kwa mbali, hakuingia.

Ndipo Bi Mwanakombo akakitoa kijikanzu, akamvika mjukuu wake.

Mikono ilipotelea ndani ya mikono ya nguo. Pindo lilipita miguu likaendelea kitandani, jeupe, tupu, kama sehemu ya mtu ambaye hakufika. Shingo ya nguo iliteleza ikashuka mabegani. Vigelegele vikapungua, vikakoma. Salha akauliza:

"Mama, ulikata kubwa?"

"Nilikata kwa kipimo chako wewe," alisema Bi Mwanakombo. "Siku uliyozaliwa."

Bwana Zaharani alikohoa kidogo, akaeleza bila ukali kwamba nchi ina sheria juu ya hilo pia. Nguo ya mtoto mchanga isizidi kipimo, ili isimkashifu aliyemo ndani. Akatoa mkasi mdogo katika kanzu yake, akauweka kitandani, si karibu na nyanya, bali karibu na mama.

Bi Mwanakombo alisema na binti yake kwa upole kuliko alivyopata kusema maishani. Alimwambia wadogo wengi hukua. Atanyonya, atanenepa, uani kuna jua na mbuzi wa maziwa. Alimwambia wajifunge wende nyumbani, na nguo isikatwe, waiweke, mtoto aifuate.

Salha alimkumbatia Yahya. "Huku ni kamili, mama. Huko nitamfungua kitambaa mbele ya nani asiyenihurumia?" Kisha, kwa sauti ya chini zaidi: "Na nikibeba tena? Nje ya lango lile hapana sindano, hata ile moja."

Hilo nalo lilikuwa kweli. Bi Mwanakombo aliipitia nchi yake yote kwa mawazo, mji kwa mji, asiione sindano hiyo popote.

Salha akauchukua mkasi. Alikata pindo kuzunguka miguu ya mwanawe, akakata mikono, nguo ikamkaa mtoto vizuri, na wanawake wakapumua wakarudia vigelegele. Alichokikata kilianguka sakafuni, na Bi Siwema akainama akakiokota, akampa Bi Mwanakombo bila kumtazama usoni.

Aliondoka peke yake. Langoni walinzi walimrudishia futi yake, imekunjwa vizuri, wakamwuliza kama ametendewa wema. Akasema ndiyo. Futi aliiacha shingoni ikining'inia, hakuipimia kitu. Kile kipande cha bafta alikiweka kifuani, ndani ya nguo, mahali mama anapomlaza mtoto, akatoka.

Ewe Mola uliyemtosheleza kila kiumbe kwa kadiri yake, wahurumie waliobaki Pevuni. Mhurumie Salha kwa hofu yake, ambayo hakujipa mwenyewe. Mkuze Yahya, umpe kwa maziwa na jua kile alichokosa gizani. Mpe Burhani ulimi kabla hujamnyima pumzi. Mpe Siwema nguvu ya kukumbuka alichokiona. Mpe Zaharani usiku mmoja wa kukosa usingizi. Na sisi tuliobaki nje ya lango, ambao makaburi yetu madogo ni mengi kwa kuikosa ile sindano moja, usitufanye wa kuwacheka wao. Tupe dawa kwa kadiri, na akili ya kukomea kwenye kadiri. Amina.